Mwendo wa Souris kwa Mukono wa Yaya

Kra-kra-kra. Naisikia mpaka leo ile souris, kipanya cha ordinateri, kule Butembo, wakati wa vita. Ndani yake kulikuwa mupira mudogo. Vumbi ikiingia, ililia sawa meno yanayotafuna muchele wenye mawe.

Yaya, kaka yangu mukubwa, mutoto wa kwanza wa mama, alikuwa anabeba bidoni za mafuta ya ngazi, yale ya mawese, kwa kinga, baiskeli yake, toka Mbau mpaka kwetu Butembo. Siku moja risasi ilimukuta njiani, ikavunja kiwiko cha kuume. Kikapona kimekunjika. Kubeba, hapana tena. Lakini zamani, kila akifikisha mafuta, alipita kwenye sale ya michezo, nyumba ya ordinateri za kuchezea, na hakuna kijana aliyemushinda kwa muchezo wa bunduki. Mwenye sale akamwambia: “Ukiweza kucheza tena, nakupa kazi ya kufundisha batoto.”

Nilifurahi kuliko yeye. Nilishatuona na sale yetu wenyewe, na soda ya baridi mulangoni.

Kazi ilikuwa moja tu: kutafuta mwendo wa souris unaomufaa. Kwetu tulipima hivi: unavuta souris mara moja, toka ukingo wa kitambaa cha chini yake mpaka ukingo mwingine. Kama mutu wa ndani ya écran, kile kioo cha ordinateri, amezunguka muzima, ndio mwendo wako.

Nikaweka pole. Mukono wa yaya ukavuta, ukaishia njiani. Adui alikuwa mugongoni, yaya akafa ndani ya muchezo. Nikapandisha. Sasa kuvuta kidogo kulitosha, lakini mukono ulitetemeka, écran yote ikaruka sawa panzi. Akafa tena.

“Eh papa, unapiga mbinguni?” kijana mumoja akamuchokoza. “Bamalaika balikukosea nini?”

“Nabatuma bakuje kukushitaki weye,” yaya akajibu. Batu bakacheka, na mimi, binti wa pekee mule ndani, nikacheka nao.

Tukajaribu souris kwa mukono wa kushoto. Lakini ule wa kuume haukufika kwa vifungo vya kumutembeza mutu wa muchezo.

“Yaya, tupunguze kidogo.”

“Ulishapunguza.”

“Basi tupandishe.”

“Ulishapandisha, mudogo wangu.”

Nilifikiri kati ya pale mukono haufiki na pale unatetemeka kuko nafasi, hata kama ni ndogo sawa punje ya ulezi. Nikasogeza, nikasogeza. Haikuwako.

Mwenye sale akakuja, akasimama nyuma yetu, akamuona yaya anakufa mara ingine. Akamushika bega. “Pole, papa. Batoto batacheka.”

“Haina neno,” yaya akasema. Akasimama, akarudisha kiti vizuri chini ya meza, kwa ule mukono muzima. “Nakungojea inje.”

Bengine bakarudi kwa mashine zao. Écran ikaniuliza kama ihifadhi mwendo ule wa mwisho, ambao haukumufaa mutu yeyote.

Nikabonyeza oui, ndiyo.