Mashine Ilisema King'ora Kimelia

Mama mzazi wa mkurugenzi wetu alikata roho mchana kweupe, huku mashine iliyotengenezwa na kampuni ya mwanawe ikiandika kwenye kioo chake: KING'ORA KIMELIA.

Ndani ya nyumba ile alikuwemo mtu mmoja tu mwenye masikio mazima. Naye hakusikia kitu.

Mtu huyo alikuwa muuguzi wa nyumbani. Ni dada yangu, tumbo moja.

Sisi tuliolelewa bwenini tulifundishwa kueleza jambo kwa mpangilio, kwa hiyo nitaanza mwanzo. Mwenye haraka aende akasome udaku.

Mkurugenzi na mimi tumesoma shule moja. Shule ile ilitunyoosha, na mpaka leo naisifu bila haya. Yeye alinitangulia, akawa kiranja wa bweni letu, na cheo hicho hakikumtoka tena: hata ofisini, akishatoka chumbani, watu walimwita Kiranja. Mimi aliniita Kijiti kwa sababu ya wembamba wangu. Nilinenepa, nikaota mvi, nikabaki Kijiti.

Kila jioni Kiranja aliita majina. Ukiitwa, unaitika, "Nipo."

Kosa lililozidi kuruka ukuta, lililozidi hata kuvuta sigara, lilikuwa kumwitikia mwenzako ambaye hayupo.

Siku moja mvulana wa kitanda cha jirani alimwitikia rafiki yake, kwa utani tu. Rafiki mwenyewe alikuwa ameanguka kwa homa nyuma ya matangi ya maji. Majina yalitimia, mlango ukafungwa, hakuna aliyemtafuta. Tulimwokota asubuhi, hajitambui. Alipona, lakini mguu wake mmoja haukurudi kuwa mguu.

Kiranja alimchapa yule mwitikiaji mpaka fimbo ikachanika. Kisha akatugeukia sote, tukiwa tumepiga magoti kwenye changarawe.

"Ukimwitikia asiyekuwepo, umewazuia watu kumtafuta," alisema. "Lolote litakalompata ni lako."

Kwa ile fimbo nilimchukia. Kwa yale maneno nilimheshimu, na nikayafanya msingi wa taaluma yangu.

Kampuni yake ilitengeneza mashine za oksijeni za kutumia nyumbani. Mimi nilisimamia kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya chini kabisa ya programu inayozungumza na vifaa vyenyewe: pampu, betri, kioo, king'ora. Mashine zilikuwa za aina mbili. Kubwa ilikuwa na kila kitu. Ndogo haikuwekewa betri wala king'ora ili iwe nyepesi na iuzike kwa watu wa kawaida.

Msimbo ulikuwa mmoja kwa zote mbili. Kabla ya kukompaili, yaani kabla ya kuugeuza msimbo kuwa programu, unaandika kwenye faili la mipangilio kipi kiwemo na kipi kisiwemo. Pampu ndiyo. King'ora hapana. Kilichoandikiwa hapana hakiingii kabisa katika programu inayozaliwa.

Wavivu wakifika hapo humwaga masharti kila mahali. Kama king'ora kipo fanya hivi, kama hakipo ruka. Mistari michache mbele, sharti lile lile tena. Mpaka msimbo unakuwa kama shati ambalo viraka vimezidi kitambaa. Nilipiga marufuku uchafu huo, na waliokaidi niliwarudishia kazi yao mbele ya wenzao, mstari kwa mstari. Waliniita katili. Sikuwakataza.

Kwangu sharti lilikaa mahali pamoja tu, kwenye faili la pembeni. Kifaa kikiwemo, jina la fanksheni, yaani kipande cha msimbo chenye kazi yake moja, linaelekea kwenye kazi halisi. Kisipokuwemo, jina lile lile linaelekea kwenye fanksheni tupu isiyofanya lolote. Msimbo mwingine wote unaita jina tu, haujali nani anaitika.

Hapo ndipo penye jambo. Fanksheni tupu ikiitwa, ijibu nini?

Niliandika ijibu: HAKIPO.

Kwa hiyo mashine ndogo ilipowashwa, programu ya juu, ile inayoandika kwenye kioo, ilikiita king'ora ili kukijaribu, ikajibiwa hakipo, na kioo kikaandika kwa wekundu: MASHINE HII HAINA KING'ORA. MGONJWA ASIACHWE PEKE YAKE. Mtu asipobonyeza kukubali, pampu haianzi.

Kiranja aliona maandishi hayo kwa mara ya kwanza mbele ya wanunuzi. Wakatazamana, wakaaga.

Alituita sote chumba cha mikutano. Wengine waliambiwa waketi. Mimi niliachwa nimesimama, kama zamani.

"Nani atanunua mashine inayojitangazia kilema?" aliuliza. Watu wakacheka. Akaniagiza fanksheni tupu ijibu SAWA, programu ya juu iridhike, mashine iwake, maisha yaendelee.

Nilikataa. Nikamweleza kwamba programu ya juu ikijibiwa sawa itaamini king'ora kimelia, na itaandika hivyo.

"Kijiti, hapa si bwenini."

"Bwenini ungenichapa kwa jambo hili," nikamjibu.

Kicheko kilikatika. Kiranja akatabasamu, akaja kunipiga bega. Alisema nimeshinda, mashine itabaki inavyosema, yaishe. Mbele ya watu wote.

Neno la kiranja wangu lilinitosha.

Baadaye mama yake alianza kusumbuliwa na mapafu. Kiranja aliniuliza kama ninamjua muuguzi asiye na mchezo. Nikamtaja dada yangu, aliyenilea wazazi wetu walipotutoka. Mimi ukali wangu nimeusomea. Yeye kazaliwa nao. Alimwogesha yule mama, alimlisha, alimgombeza akikataa dawa, na mama akampenda kiasi cha kumwita "mwanangu" mbele ya wanawe wa kuzaa.

Mashine kubwa zilikuwa zimejaa stoo. Kiranja alimpelekea mama yake ndogo.

Alihitaji picha. Mama kitandani, mashine ndogo pembeni, mwana kasimama katikati, na chini yake maneno: Mama yangu mwenyewe anaitumia. Picha ile ilitundikwa mapokezi. Niliipita kila asubuhi bila wasiwasi, kwa kuwa nilijua kioo kitamwambia dada yangu asimwache mgonjwa peke yake.

Siku ya msiba mama aliomba maji ya kunawa. Dada akaenda jikoni kuyapasha, mlango kauacha wazi, maana alijua mashine ina king'ora na kikilia atakimbia. Mama akajivuta aegemee mto wa kulalia, kitanda kikasogea, gurudumu likaukanyaga mrija wa hewa.

Dada aliporudi na beseni, midomo ya mama ilikuwa ya bluu.

Kiranja alifika, akasoma kioo. KING'ORA KIMELIA, KING'ORA KIMELIA, kutoka juu mpaka chini.

"Mama yangu anakufa, wewe unachati na mabwana zako," alimwambia dada.

"Sikusikia, bosi."

"Mashine imepiga kelele nyumba nzima, wewe hukusikia? Una masikio au una mapambo?"

Akamfukuza pale pale. Akamwambia wauguzi wenzake watajua, polisi watajua. Na mazishini akaweka vijana wawili mlangoni ili asipite. Dada yangu alisimama ng'ambo ya barabara, akalitazama jeneza likipakiwa.

Alipokuja kwangu alikuwa mtu mwingine. Hakulia. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Huenda nilisinzia, mdogo wangu. Nimesimama jikoni nikasinzia. Mashine haina sababu ya kunionea."

Nilimuuliza kioo kiliandika nini siku ya kwanza alipoiwasha.

"Kiliandika king'ora kiko sawa," alisema. "Kwa nini?"

Niliinuka, nikaenda kutafuta bisibisi.

Familia ya Kiranja ilikuwa imepanga kikao nyumbani kwa marehemu, kuamua kama muuguzi apelekwe polisi. Mwenyekiti alikuwa mjomba wao, kaka wa marehemu, mzee mkavu asiyependa maneno mengi. Nilifika na dada yangu. Kiranja alipotuona alitaka tutolewe. Mjomba akasema mshitakiwa hutolewa baada ya kusikilizwa, si kabla.

Dada aliposimama, aliwaambia yale yale: huenda alisinzia, wamsamehe.

Chumba kikanong'ona. Kiranja akajiegemeza kitini.

Nikaomba ruhusa ya kuiwasha mashine. Ilikuwa bado pembeni ya kitanda, kitanda kikiwa kimeshavuliwa shuka. Mjomba akakubali.

Pampu ilianza kunguruma taratibu. Nikaushika mrija, nikaukunja, nikaubana kwa ngumi.

Tukasubiri.

Ulisikika tu ule mngurumo wa pampu, na mtu mmoja akikohoa. Kisha kioo kikaandika. Nilimwomba Mjomba asome kwa sauti.

"King'ora kimelia," alisoma. Akainamisha kichwa karibu na mashine. "Mbona sisikii? Ni uzee wangu au nanyi hamsikii?"

Hakuna aliyesikia. Kioo kikaandika tena. Na tena.

"Spika itakuwa imekufa," Kiranja alisema haraka. "Hitilafu ya kiwandani, Mjomba. Hutokea."

Nikatoa bisibisi, nikafungua kifuniko cha nyuma. Mahali pa spika palikuwa na matundu ya skrubu, safi, ambayo hayajawahi kuingiwa na skrubu yoyote.

"Haikufa," nikasema. "Haikuwahi kuwepo. Niliiandikia mashine hii iseme haina king'ora. Mtu ameifundisha kuitikia."

Mjomba hakunitazama mimi. Alimtazama mpwa wake.

"Nani?"

Kiranja alianza kueleza soko, ushindani, wanunuzi wanaoogopa maandishi mekundu. Mjomba akarudia swali lile lile, kwa sauti ile ile.

"Nilibadilisha neno moja tu," Kiranja alisema. "Moja. Mashine yenyewe nzima, Mjomba, pampu safi..."



Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akainuka, akaja mpaka niliposimama, akaninong'oneza kwa lugha yetu ya shule. Alisema tumetoka mbali. Alisema niwaambie wazee ni kosa la mafundi, nami nitakuwa makamu wake. Aliniita kwa jina langu halisi, kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto.

Machozi yalikuwa yanamtoka. Wengine wangelainika.

Nilimjibu kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu:

"Ukimwitikia asiyekuwepo, umewazuia watu kumtafuta. Lolote litakalompata ni lako."

Aliyatambua. Niliona yakimwingia, yeye aliyeyasema mbele ya watoto waliopiga magoti. Akaketi kwenye kitanda kitupu cha mama yake.

Nilidhani dada yangu atafurahi. Alimsogelea, akamtazama kutoka juu.

"Mama aliniita mwanangu," alisema. "Ukanizuia kumzika."

Akachukua mkoba wake, akatoka.

Kesho yake nilipiga simu nyumba zote zilizonunua mashine ndogo. Nikawaambia ukweli: haina king'ora, hata ikiapa kwamba kimelia. Kampuni haikumaliza msimu. Wenzangu waliopoteza kazi hunipita barabarani kama nguzo ya umeme, na mmoja aliniambia ningeweza kumaliza jambo lile kimyakimya. Nilimwambia kimya ndicho kilichomuua yule mama. Sijabadilisha kauli.

Ninyi mnaoandika msimbo, wekeni masharti yenu mahali pamoja, na fanksheni zenu tupu zisiseme uongo. Na ninyi msioandika chochote, hamjasalimika: kuna mahali nanyi mnaitwa, kazini au nyumbani, na mnaitikia kwa niaba ya kitu ambacho hamna. Semeni hamna. Mtu atajua akae karibu na mgonjwa wake.

Siku ile ya kikao, baada ya dada kutoka, Mjomba alitaka kukifunga kwa utaratibu. Akamwita mpwa wake kwa jina lake kamili, asimame aseme la mwisho.

Kiranja hakuinua kichwa. Mjomba akaita tena.

Ndugu zake wote walikuwa wameketi mle chumbani. Hakuna aliyemwitikia.