Sauti ya Msellem Pipani

Siku ya arubaini na moja ya eda yake, Mwatima alikuwa keshawajua mende wote wa chumba kile. Si mzaha, atakayekaa ndani miezi minne na siku kumi atahesabu hata boriti. Wageni wa matanga walishatawanyika, wifi yake alimletea uji asubuhi kisha akenda zake sokoni Konde, na nyumba ikabaki kimya hata akaichukia.

Marehemu mumewe, Msellem, alitumia miaka sita kwenda kijiji kwa kijiji, Micheweni nzima, akiwahoji wakunga juu ya watoto waliozaliwa majumbani bila ya karatasi. Mwatima, mtunza kompyuta wa jumuiya yao, aliyaweka majina katika jedwali moja, na sauti za mahojiano katika jedwali jengine. Kwa majina hayo watu walipata vyeti vya kuzaliwa. Sauti hakuna aliyezisikiliza ila yeye, na sasa alizihesabia siku: eda ikisha atakwenda ofisini, atafunga mlango, atamsikia Msellem akimwambia mkunga, "Haya bibi, mtoto mwengine."

Adhuhuri hiyo simu ikalia. Ni Pandu, mwalimu mstaafu aliyeshika nafasi yake kazini.

"Bi Mwatima, n'samehe kukusumbua na wewe u edani. Diski ilijaa, n'kafuta majedwali mawili n'lodhani ya kale. Kwanza la sauti, kisha la majina. Leo watu waja kutaka vyeti, majina hayaonekani."

"Ulifuta lini?"

"Yapata wiki tatu. N'liona haya kukupigia kukuuliza kwanza."

Mwatima akakaa kitako. Jedwali likifutwa haliondoki pale pale. Kompyuta hulitia pipani, na ukiwahi hulirudisha. Lakini nafasi ikibana, kompyuta yenyewe humwaga pipa, ikianza na lililotangulia kutupwa. Na wiki tatu nzima makarani walikuwa wakiingiza habari mpya. Adabu ya Pandu, adabu njema ya kutomsumbua mfiwa, ndiyo iliyomponza Mwatima.

"Waambie waache kuandika sasa hivi," akasema. "Kisha fungua pipa, unisomee lililomo."

Akamsikia akidonoa herufi moja moja. Hasira zikampanda, akazimeza; maji yameshamwagika, na mzee wa watu hakukusudia.

"Mna moja tu," akasema Pandu. "La majina."

Mwatima akamtajia amri ya kulirudisha, neno kwa neno. Majina elfu moja na mia nane yakarudi. Pandu akamshukuru Mungu, akamshukuru na yeye, halafu akauliza, "Na zile sauti?"

"Zimekwenda." Machozi yalikuwa yakimchuruzika na hakuyafuta. "Nisomee majina, Mwalimu. Tuhakikishe yametimia."

"Yote?"

"Yote. Mie sina pa kwenda."

Pandu akasoma jina la kwanza, akangoja. Mwatima akaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Haya," akasema, "mtoto mwengine."