Mkalimani Nassibu na Baiskeli ya Matangani

"Lile la mkeo mbona hukulitafsiri?"

"Shemeji, punguza sauti."

"Usiniite shemeji! Nakuuliza. Mume wangu kasema maneno mengi kortini. Yale ya kumfunga umempelekea Mzungu yote, hukudondosha hata moja. Lile la mkeo ukalimeza. Kwa nini?"

"Lile lilikuwa tusi."

"Na hayo mengine yalikuwa nini, dua? Yote yalikuwa utani! Ungemeza yote au ungetapika yote."

Ni asubuhi mapema, mtaa wa Kanyenye, mjini Tabora. Anayefoka ni Maua, mke wa Kondo, Mzaramo anayefanya kazi karakana ya reli. Anayefokewa ni Nassibu bin Feruzi, mkalimani wa korti ya bomani. Kanzu keshavaa. Tarbushi yake nyekundu kaishika mkononi, anaipiga brashi polepole kama mtu asiyesikia.

Milango ya jirani iko wazi nusunusu. Hakuna anayetoka, na hakuna anayefunga.

Saa tatu kesi ya Kondo inasikilizwa. Akitiwa hatiani ni miaka gerezani, na viboko juu. Mtaa mzima unasema kafungwa na ulimi wa Nassibu.

"Basi ngoja," Maua anasema, akijifunga kanga upya. "Leo tutasikia utasema nini." Anaondoka bila kuaga.

Nassibu ana miaka hamsini na kitu. Ni Mnyamwezi wa hapahapa mjini, na babu yake alikuwa mpagazi wa misafara ya pwani. Kiingereza hakukipata darasani. Alikipata jikoni kwa ofisa mmoja, baada ya vita ya Mdachi, akichambua mchele huku wakubwa wanaongea. Sasa ni mwaka wa kumi na nane anasimama katikati ya hakimu na watu. Mshahara wake ni shilingi arobaini kwa mwezi, na tarbushi ni ya serikali.

"Nataraji nitakufa nayo kichwani," anasema, na anaipuliza vumbi.

Kanyenye hawamwamini. Tusifichane. Mtu akifungwa, Nassibu kala. Mtu akiachiwa, Nassibu kala pia. Na barazani kwake asubuhi hii kuna kibuyu cha asali kimefungwa kwa jani, na jogoo mwekundu amefungwa mguu kwenye nguzo. Vyote viwili vinaonekana kutoka barabarani.

Nilipomwuliza ni vya nani, hakubabaika.

"Asali kaleta Anton, mlalamikaji. Jogoo kaleta huyu huyu aliyekuwa ananitukana. Kibuyu sijakifungua, na jogoo sijamchinja."

Kwa nini asivirudishe?

"Ukimrudishia mtu kitu chake, umemwambia umemhukumu. Mimi sihukumu."

Jibu zuri. Lakini jogoo alikuwa amekula mtama, na mtama huo katupiwa na mtu wa nyumba hiyo. Batuli, mke wa Nassibu, alipoona jogoo anatazamwa sana, alisimama mbele yake.

Kesi yenyewe ni hii.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Wazee wanasema utani huu ulizaliwa njiani, zamani za misafara. Mnyamwezi akifia pwani, Mzaramo ndiye aliyemchimbia kaburi. Mzaramo akifia huku bara, Mnyamwezi akafanya hivyo hivyo. Mtu aliyekuzikia ndugu yako huwezi tena kumkasirikia. Ndiyo maana mtani akija matangani anamsema marehemu, analala kitandani pake, anakwapua kitu cha wafiwa na kukimbia nacho. Wafiwa wanakikomboa kwa kitu kidogo, kuku au chumvi. Watu wanacheka, kilio kinapungua.

Mwezi uliopita alifariki Mzee Hilari, Mnyamwezi Mkristo, mkulima aliyekuwa na nyumba hapa mjini. Kondo akaja matangani. Akamkuta Anton, mtoto wa marehemu, kasimama na baiskeli yake mpya. Akamsukuma kifua, Anton akakaa mavumbini. Kondo akaipanda baiskeli, akazunguka uwanja akipiga kelele kwamba Wanyamwezi walizaliwa kubeba mizigo kichwani, magurudumu wameyatoa wapi?

Wazee walicheka. Anton hakucheka. Hakukomboa. Kesho yake alikwenda polisi, na Kondo akakamatwa na baiskeli ya watu barazani kwake, akiwa bado anangoja kuku wake.

Anton kakulia hapa hapa. Utani kaunyonya na maziwa. Shule ya misheni kamaliza, Kiingereza anakijua cha kuandika na cha kusema, na miezi sita sasa anashinda kwenye ngazi za boma akiomba kazi. Kazi ipi? Karani mmoja wa boma alijibu kwa kucheka: "Yoyote yenye tarbushi."

Juma lililopita Kondo alisimamishwa mbele ya hakimu kwa mara ya kwanza. Hati ya polisi ilisema wizi. Hakimu akauliza, Nassibu akageuza: "Uliiba baiskeli ya Anton?"

Hapo ndipo palipoharibika. Kondo hakumwona hakimu. Alimwona Mnyamwezi kavaa tarbushi, anamwuliza swali kwa sura ya msiba. Mtani hajibiwi kwa heshima, ni mwiko. Kondo akamtolea meno yote.

"Mimi niibe? Mwizi ni babu yako, mla panya wewe! Mzaramo haibi kwa Mnyamwezi. Ananyang'anya! Nimemsukuma, nimemnyang'anya mchana kweupe, watu wanaona. Na ningekuwa na nafasi ningekunyang'anya hata mkeo."

Watu wakaangua kicheko. Nassibu akageuka, akayasema kwa Kiingereza yote isipokuwa la mke. Hakimu hakucheka. Aliandika. Kesho yake hati ikabadilishwa.

"Waingereza wana maneno mawili jirani," Nassibu anaeleza, akiweka viganja viwili mezani. "'Theft' na 'robbery'. La kwanza, mtu kachukua cha mwenzie. La pili, kachukua kwa nguvu au kwa vitisho. Kwao hili la pili ndilo zito. La kwanza ni miezi, la pili ni miaka na viboko. Kwetu je? Mwizi ndiye mchafu, anakuja umelala. Anayekunyang'anya mchana angalau umemwona uso. Kondo alikimbia neno chafu, akadandia neno zito. Alidhani anajisifu."

Na yeye Nassibu alijua hivyo alipokuwa anatafsiri?

Anaishika tena brashi.

"Nilijua."

Basi kwa nini hakumweleza hakimu?

"Kazi yangu ni mdomo. Mdomo ukianza kueleza, kesho utaeleza kesi ya ndugu yako, keshokutwa ya aliyekupa mbuzi. Nikisema langu, hiyo kazi si yangu tena."

Lakini la mke alilimeza. Hilo hakuna anayelisahau. Na swali la pili ni hili: Maua hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Nani kamwambia lipi lilitafsiriwa na lipi liliachwa?

"Umemwuliza?" Nassibu anauliza.

Ndiyo, na kajibu aliyemwambia ni Anton.

Brashi ikasimama. Nassibu alitazama kibuyu cha asali kwa muda, kisha akavaa tarbushi yake, akaiweka sawa kwa vidole viwili, akaenda bomani.

Saa tatu korti imejaa. Upande mmoja kakaa Koleta, mjane wa Mzee Hilari, kajifunga kaniki. Maua kakaa nyuma yake, karibu sana, na hawaongei. Anton kavaa soksi ndefu nyeupe. Kondo kasimamishwa kizimbani, kakonda, lakini meno yapo palepale.

Jina la kesi linaitwa. Kabla mtu hajatamka neno, Nassibu anasema kitu kwa Kiingereza. Hakimu anainua kichwa. Karani anaacha kuandika. Nassibu anawageukia watu, kwa mazoea ya miaka kumi na minane:

"Nimemwambia hakimu siwezi kutafsiri kesi hii. Mshtakiwa ni mtani wangu. Nataka kusimama pale kwa mashahidi."

Hakimu anajibu kwa ufupi. Nassibu anageuza hilo nalo, sauti haitikisiki: "Hakimu anasema shahidi si mkalimani. Nikivuka, nimevuka."

Anavuka. Ni hatua chache tu. Anton anajikuna shavu ili tabasamu lisionekane.

Kutafsiri kunaachiwa sajini mmoja mwenye Kiingereza cha kuokoteza. Nassibu anaeleza mambo ya misafara, makaburi, matanga, kuku wa kukomboa. Anaeleza kwa lugha mbili mwenyewe, kwanza kwa hakimu, halafu kwa watu. Hakimu anamsikiliza kama mtu anayenunua ng'ombe kwa mgeni.

"Juma lililopita ulikuwa na ulimi?"

"Nilikuwa nao, bwana, lakini ulikuwa wako."

"Na leo ni wa nani? Umepewa nini?"

Maua anatazama chini.

"Nimepewa kibuyu cha asali na jogoo mmoja. Asali kutoka kwa mlalamikaji. Jogoo kutoka kwa mke wa mshtakiwa. Vyote viko barazani, mtu yeyote aende akaone."

Kicheko kinaanza kwenye mabenchi ya nyuma. Soksi za Anton zinasogea chini ya benchi. Na Kondo, ambaye mke wake kachongewa na mtani mbele ya watu, na mambo yanamwendea nusu vizuri, anashindwa kujizuia. Kizimba kiko karibu na mashahidi. Mkono unatoka, tarbushi inatoka kichwani kwa Nassibu.

"Mnyamwezi akisema kweli kofia inambana! Lete hapa!" Kaivaa. Imeshuka mpaka masikioni.

Askari wawili wanamkamata mikono. Hakimu anainua kidole, wanasimama. Anamtazama Nassibu, kichwa kitupu, mvi nje. Anauliza kitu polepole. Sajini anatafuta maneno, hayaoni. Nassibu anamsaidia:

"Hakimu ananiuliza hii niiite nini. 'Theft' au 'robbery'?"

Nassibu anapitisha kiganja kichwani.

"Bwana," anajibu, "kofia yangu iko kwa mtani wangu. Nitaikomboa. Kiingereza changu kinaishia hapo."

Hakimu anamwita mjane. Anataka kujua jambo moja tu. Siku ile, baiskeli ilipozungushwa uwanjani, yeye alifanya nini?

Koleta anasimama. Anamtazama mwanawe kwanza. Anton anatikisa kichwa kidogo sana.

"Nilicheka," anasema. "Udongo wa kaburi la mume wangu haujakauka, na mimi nilicheka. Mungu anisamehe. Kama Kondo asingekuja, nani angenichekesha?"

Nassibu anafungua mdomo kuyapeleka kwa Kiingereza. Yanafika katikati. Anakumbuka, anaufunga. Sajini anamalizia kwa shida.

Kesi ikafutwa. Baiskeli irudi kwa mwenyewe, Kondo arudi kwake. Hakimu alielewa utani, au alichoshwa na joto na kelele? Hakusema, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Nje, karani alimfuata Nassibu kwenye baraza. Alimwambia kesho asihangaike kuja. Mlangoni mwa ofisi, baiskeli mpya ilikuwa imeegemezwa ukutani, na Anton alikuwa keshaingia ndani.

"Huyu mtoto kanipangia nivuke?" Nassibu alijiuliza kwa sauti. "Au kabahatisha? Mimi sihukumu." Halafu akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Siku hizi naruhusiwa. Kanipangia."

Atafanya nini sasa? Alisema ana mjomba Igunga mwenye mashamba ya mpunga, na kule hakuna wa kumtafsiria ila ndege. Halafu akasema hapana, atakaa hapa hapa Kanyenye, mtu mwenye kesi aje barazani kwake kabla hajaenda kortini, amfundishe lipi la kusema mbele ya Mzungu na lipi la kumwachia mtani. "Safari hii nitaeleza. Na watakaosema nimekula, nitawakaribisha."

Kondo alishuka ngazi za boma na mkewe nyuma, tarbushi bado iko kichwani.

"Mtani!" aliita. "Kofia yako hii. Komboa kwanza. Nataka yule jogoo."

"Jogoo ni wa mkeo, mjinga wewe."

"Sasa mimi nimechukua cha kwako, wewe utakikomboa kwa changu? Wanyamwezi nyie ni wezi kweli!"

Maua alicheka akajiziba mdomo kwa kanga. "Mzee Nassibu," alisema, na asubuhi hakumwita hivyo, "mwambie tu akurudishie. Ni kofia ya serikali hiyo."

Nassibu aliitazama tarbushi. Alinyoosha mkono, akaisogeza kidogo upande kichwani kwa Kondo mpaka ikakaa sawa. Kisha aligeuka, akashika njia ya Kanyenye kichwa kitupu.