Nilivyoingiza kiroba cha dagaa kwenye app ya tiketi za ndege za bei rahisi

Wakuu, salaam.

Humu mimi ni msomaji wa kimya, huwa napita tu. Leo nina jambo langu na nitalieleza lilivyokuwa, bila kulipaka rangi. Atakayeona najisifu, ni kweli najisifu kidogo, anivumilie.

Mimi ni mdada wa Ujiji, nimezaliwa hapa na naishi hapa. Kazi yangu ni UX designer. Kwa asiyeijua, mimi ndiye napanga mtu akifungua app aone nini kwanza, abonyeze wapi, asipotee njiani. Baba akiulizwa na majirani anasema "huyu anachora simu", na hajakosea sana.

Kampuni yetu ni ndogo, ofisi iko Dar, mimi nafanya remote. App yetu inakusanya ofa za tiketi za ndege za bei rahisi.

Nilipoingia nilikuta kitu kimoja kikanikaa kooni. Bei ya ofa ilikuwa kubwa juu kabisa, inavutia. Lakini kwamba bei hiyo haina mzigo, ni begi dogo la mkononi tu, hilo liliandikwa ukurasa wa mwisho, chini, kwa herufi za kutafuta na tochi. Na pembeni kuna saa inahesabu kurudi nyuma, inakwambia ofa inaisha.

Sasa wakuu, nani anaondoka Kigoma bila mzigo? Ukisafiri mikono mitupu huko uendako wanakuuliza kama kweli umetoka Kigoma. Dagaa lazima. Mawese lazima.

Nikalisema kwenye meeting. Bosi wetu, nimwite Deo, ni kijana mwenye akili na hana dharau, lakini alinikatalia.

"Dada, tukionyesha bei pamoja na mzigo mwanzoni, tutaonekana ghali kuliko wengine. Watu watafunga app."

Nikasema tena meeting iliyofuata. Safari hii mwenzangu mmoja akanitumia ujumbe pembeni: punguza, mkataba wako unakaribia kuisha. Nikaacha kulisema, ila halikunitoka.

Baadaye Deo akaja Kigoma kuonana na mawakala wa tiketi pale Mwanga, mjini kwetu. Siku ya kurudi nikajitolea kumsindikiza uwanjani, na nikamwomba twende mapema. Sikuwa na mpango wowote wa ajabu, nilitaka tu awaone abiria wetu kwa macho yake.

Mbele yetu kwenye foleni kulikuwa na nesi, mwenyeji wa Iringa aliyepangiwa kazi huku. Alikuwa anakwenda harusi ya mdogo wake na kiroba cha dagaa alichofungasha mwaloni Katonga. Kilipowekwa kwenye mizani akaambiwa tiketi yake haina mzigo, alipie. Akaangalia salio kwenye simu. Halitoshi.

Akakaa chini pale pale sakafuni, akafungua kiroba na kuanza kujaza dagaa kwenye mkoba wake, akiwasukumia katikati ya nguo za harusi. Alikuwa anafuta machozi kwa mgongo wa mkono.

Dagaa waliobaki akaninyooshea mimi. "Dada, wewe ni mwenyeji. Chukua hawa, wasitupwe."

Nikapokea. Deo akamuuliza kwa upole tiketi alikata wapi. Akamwonyesha simu.

Ilikuwa app yetu.

"Wameandika, siwezi kusema hawakuandika," yule nesi akasema. "Ila ile saa ilikuwa inanikimbiza, nikaogopa ofa itanipita."

Deo hakujitambulisha. Alitoa simu yake, akamlipia kiroba chote, nami nikamrudishia dagaa wake. Kabla hajaingia ndani Deo akaniambia, "Tengeneza unavyotaka. Tuanze na safari za Kigoma tu."

Wakuu, nilifanya kazi kama niliyepandwa na kitu.

Saa nikaiondoa. Swali la kwanza kabisa likawa: "Una mzigo?" Ukijibu, bei unayoiona ndiyo utakayolipa mpaka mwisho.

Nikaenda kuijaribu kwa shangazi yangu, anauza vitenge soko la Mwanga na hupanda ndege kufuata mzigo Dar. Nikamwamkia, nikampa simu, nikakaa pembeni bila kumsaidia. Akafika palipoandikwa aweke kilo, akakwama.

"Mwanangu, kilo nitazijulia wapi? Nyumbani sina mizani."

Nikacheka, nikarudi kuchora upya. Badala ya kuuliza kilo nikaweka picha: mkoba wa mkononi, begi la magurudumu, kiroba. Kila picha na makadirio ya kilo chini yake. Shangazi alipoishika tena alimaliza mwenyewe, akanirudishia simu, akaendelea kumkatia mteja kitenge. Nilisimama pale sokoni najiona mrefu.

Tukaiachia kwa wateja. Bei yetu kweli ilianza kuonekana juu kuliko za wengine, na kwa muda nilikuwa na hofu. Lakini waliokuwa wakianza kukata tiketi sasa walikuwa wanamaliza, na simu za malalamiko kutoka Kigoma zikapungua mpaka dada wa huduma kwa wateja akaniuliza kama mtandao wa huku umekatika.

Kwenye meeting Deo akasema muundo wa Kigoma uwekwe kwenye safari zote, akanipa nafasi niwaeleze wenzangu. Nikaeleza kwa lafudhi yangu hii hii ya Ujiji, sikuificha. Mkataba ukaongezwa, na sasa design yote iko chini yangu. Waliponiuliza kama nitahamia Dar, nikasema kazi naiona vizuri nikiwa huku.

Nilichojifunza: bei rahisi inayoficha kitu, mtu anakuja kuilipa mbele za watu. Na kama unawatengenezea watu kitu, nenda kasimame wanaposimama wao.

Haya, uwanja ni wenu. App gani iliwahi kukukimbiza ukabonyeza usichokitaka? Mwagikeni, nasoma kila comment, na mwenye hoja nzuri ataikuta kwenye skrini yake.