Managu ya Jirani

Jirani yangu alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kiwanda cha chai, akapanga nyumba kando ya ua wetu hapa Sosiot. Mimi nimezaliwa kwa udongo huu, lakini managu yake, ile mboga ya majani, yalifika kiunoni na yangu yalikuwa manjano tu. Mume wangu akipita hapo alisema, "Huyu mama anajua shamba." Roho iliniuma.

Nikachukua mbolea ya chai iliyobaki, nikayamwagia managu yangu bila kupima. Chai inapenda udongo mchachu, mboga haipendi. Yote yalikauka.

Nilipochoka na wivu nilienda kumuuliza siri yake. Hakunificha. Unatia jivu kidogo la jikoni kupunguza ule uchachu, halafu samadi iliyokaa mpaka ikaacha kunuka.

"Na samadi unatoa wapi, na huna ng'ombe?"

"Si ni ile yako, dada? Uliniambia niiondoe, inakuletea nzi."

Akanichumia fungu kubwa. Jioni mume wangu alikula, akaongeza, akanisifu. Sikumwambia yametoka wapi.