Hatua ya Arobaini na Tatu

Baba yangu alikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na mmoja, na mtaani hadi leo wanamwita Masjala. Sifa yake kubwa, anayojipigia debe mwenyewe, ni kwamba daftari lake halijawahi kuwa na neno lililokatwa. Anafikiri, anaandika, basi, imekwisha. Mimi ni kitindamimba wake, na naapa hakuna kitu kilichotutesa nyumbani kama hilo daftari safi.

Chesi pia aliicheza hivyohivyo. Wenzake husogeza kete kwanza, kisha huandika hatua waliyocheza. Yeye huandika, huweka kalamu chini, ndipo anyooshe mkono. Wakimcheka huwaambia kwamba wao ni watu wa kubahatisha.

Jumamosi moja palikuwa na mashindano kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi, ya watu wa kawaida tu, walimu, makanika, wenye maduka. Majina yalichanganywa kwenye kofia, na baba akapangwa na kaka yangu.

Walikuwa hawajasemezana miaka sita. Baba alimtafutia kaka kazi palepale masjala, kaka akavumilia miezi mitatu, akaenda zake kuchomelea mageti. Mbaya zaidi, aliaga kwa mdomo, bila barua. Baba ndiye aliyeandika barua, akaituma kwake: asikanyage kwangu mpaka aombe radhi kwa maandishi. Nakala moja ikaingia kwenye faili. Kaka naye, mtoto wa nyoka ni nyoka, hakuandika wala hakukanyaga. Mama akawa anamtembelea kwake kimyakimya, na baba anajifanya hajui aliko.

Kwa hiyo nilipowaona wameketi wanatazamana, nilikwenda kusimama karibu nao. Nilitaka kitu kimoja tu, waondoke pale wakiwa wanazungumza. Nani ashinde, shauri yao.

Siku ya pili, Jumapili mchana, baba aliniita mezani. Tukakunja kitambaa, tukapanga kete ili kuurudia mchezo wa jana. Yeye akawa anasoma kutoka kwenye karatasi yake, mimi nasogeza. Nakiri ulikuwa mchezo mtamu. Kaka alimla farasi mapema, baba akavumilia, akamrudishia kwa kumtega naye farasi wake. Malkia wote wawili wakaliwa kwenye hatua ya ishirini na sita. Wakabaki kila mmoja na ngome moja na askari wanne, wanasukumana nguvu sawa, hakuna anayepumua. Mfalme wa baba alikuwa pembeni kabisa, askari watatu mbele yake wamemziba, na ngome inamlinda kwenye mstari wa nyuma. Ngome hiyo ikibanduka tu, kwisha habari.

Tukafika hatua ya arobaini na tatu. Hiyo sikuhitaji kusomewa, kwa kuwa nilikuwa nimesimama nyuma yao. Baba alikuwa ameshaandika, mkono bado uko pajani, kaka alipoinua kichwa.

“Sare, baba?”

Maneno mawili, baada ya miaka sita. Baba alitazama karatasi yake, akatikisa kichwa, akaiondoa ngome nyuma na kwenda kula askari mmoja wa kaka. Ngome ya kaka ikateremka hadi mstari wa mwisho, na mfalme akafungwa. Kaka alitoa mkono, wakatia sahihi karatasi ya matokeo, akatoka kabla sijamfikia. Nilirudi nyumbani nalia njia nzima.

Sasa pale mezani nyumbani nikaishika ile ngome, nikamwambia baba kwamba hata mtu aliyejifunza juzi asingeibandua. Nilidhani atasema macho yamechoka.

“Niliona,” akasema.

“Uliona baada ya kucheza?”

“Kabla. Nilipoweka kalamu chini tu nikaona.”

“Sasa kwa nini ukacheza?”

“Nilikuwa nimeshaandika.”

Nilikasirika hadi nikasimama. Heshima nikaiweka kando, Mungu anisamehe. Nilimwambia kwamba karatasi haina damu, na kwamba mwanawe alikuwa amemnyooshea mkono mbele ya ukumbi mzima, naye akachagua wino. Baba hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema hata ile barua aliijutia kabla gundi ya bahasha haijakauka. Alikwenda nayo posta akijua anakosea, na akaitumbukiza. Kisha akaniomba nimpigie kaka.

Nilipiga, nikaweka simu kwenye spika katikati ya ubao. Kaka alipopokea nikamwambia ni baba. Upande wa pili mashine ya kukatia chuma ilizimwa.

Baba alisafisha koo mara mbili.

“Ile sare uliyonipa jana,” akasema, “bado ipo?”

Mimi nilikuwa nimeushika ukingo wa meza, namwomba Mungu.

“Tulishatia sahihi, baba,” akajibu. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Akasema ana mteja anayesubiri geti lake, akatutakia siku njema, simu ikakatika.

Baba alivaa miwani, akanigeukia, akaniuliza kaka amesemaje. Simu ilikuwa kwenye spika. Sote wawili tulisikia.