Mashoto wa Kituo cha Kwanza

Ti, ti, ti. Kijiko kinagonga ukingo wa kikombe, kisha kinatulia. Ni saa kumi na moja alfajiri, kijiji cha Pradatsch bado kimejifunika ukungu, na Annamengia Cadosch amekwisha koroga kahawa yake kwa mkono wa kushoto.

"Mengia!" Sauti ya mumewe, Risch, inashuka kutoka ghorofani. "Iko siku hicho kikombe utakitoboa."

"Amka basi. Leo supu ni zamu yako, na shayiri hailainiki kwa maneno."

Anacheka peke yake, anachukua kikombe na kuteremka hadi karakana iliyo chini ya nyumba. Humo ndimo amefanya kazi ya ufundi wa bunduki kwa karibu miaka arobaini, akishika nafasi ya baba yake. Anawasha taa. Mezani, juu ya kitambaa laini, imelala bunduki mpya.

Ni nyeusi, fupi kuliko watu walivyotarajia, na haina ubao hata kidogo. Imetengenezwa hapa hapa Uswisi kwa ajili ya askari, na mwaka huu imeanza kuuzwa kwa raia pia. Ya raia haimimini risasi mfululizo. Kila risasi inataka kidole chake. Tangu ilipoletwa, wanakijiji wameipa jina la Bibi Harusi.

"Kwa sababu kila mtu anakuja kumwona, na wa kumchukua nyumbani ni mmoja tu," anaeleza Annamengia, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja.

Na kweli wamekuja. Wakulima wamekuja na matope ya zizini kwenye viatu. Mwalimu mkuu amekuja, akaipima uzito mikononi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Mkunga wa bonde, Seraina Patt, amekuja mara tatu kwa wiki moja, kila mara akidai amesahau kitu.

"Shangazi, niishike kidogo tu," Seraina alisema mara ya tatu.

"Juzi ulisema hivyo hivyo."

"Juzi nilikuwa na haraka, kuna mtu alikuwa anajifungua. Leo nimekuja na raha zangu." Akaiweka begani, akafumba jicho moja, akatoa pumzi. "Mama yangu! Inakaa kama imenizaa yenyewe. Kibali cha polisi kinachukua muda gani?"

Annamengia alimweleza, kama anavyomweleza kila mtu: unapeleka maombi kwa polisi wa jimbo, wanaangalia rekodi yako, nawe unangoja. Yeye mwenyewe alingoja kama wengine, ingawa yule afisa anayetoa vibali ni mteja wake wa miaka mingi.

"Aliniambia, 'Mengia, nakujua tangu nikiwa na meno ya utotoni, lakini fomu haikujui.' Nikamwambia sawa, fomu na inijue," anasema.

Lakini furaha ya Annamengia ina mzizi mwingine, na mzizi huo ni ule mkono unaokoroga kahawa.

Annamengia ni mashoto tangu kuzaliwa. Anakata mkate kwa kushoto, anapiga randa kwa kushoto, na enzi za utoto alimpiga kaka yake kwa kushoto. Bunduki peke yake ndiyo aliyolazimika kuifyatua kwa kulia, maana zile za jeshi alizokulia nazo zina mpini wa kukokea upande wa kulia.

"Baba hakuwa mkali," anakumbuka. "Aliniambia tu, 'Mwanangu, hii haikutengenezwa kwa ajili yako. Itabidi wewe ujitengeneze kwa ajili yake.' Nikajitengeneza."

Alijitengeneza vizuri tu. Makabatini kuna vikombe vya ushindi, kimoja Risch anakitumia kuwekea vitunguu saumu. Ila majira ya baridi yaliyopita doa la kijivu lilitokea katikati ya jicho lake la kulia, lile la kulengea. Daktari wa macho alimwambia kwa upole kwamba halitatoka.

"Nikimtazama mtu kwa jicho hilo naona masikio, pua siioni," anasema. "Risch nikimtazama kwa jicho la kulia amerudi kuwa kijana. Hana kunyanzi hata moja."

Anatania, lakini haikuwa jambo la utani. Fundi hairudishi bunduki kwa mwenyewe bila kwanza kuipiga uwanjani na kuona risasi inakwenda wapi. "Isiyopimwa si bunduki, ni fimbo," husema. Fundi asiyeona shabaha atawarudishia watu fimbo mpaka lini? Tangu masika alikuwa akijiuliza kimoyomoyo kama hii si ndiyo miezi ya mwisho ya karakana ya baba yake.

Aliyemsitiri ni mzee Lüzi Tönz, mwenyekiti wa chama cha walenga shabaha cha kijiji, mgane wa miaka themanini na mbili anayekaa peke yake kwenye nyumba ya juu kabisa, karibu na msitu. Siku moja alimwona Annamengia uwanjani akipangusa jicho na kulenga, kupangusa na kulenga. Jumamosi iliyofuata akagonga dirisha la karakana asubuhi na mapema.

"Nilikuwa napita tu," alisema. "Una bunduki ya kupimwa? Bega langu linawasha."

Amekuwa "akipita tu" kila Jumamosi tangu hapo. Anapima bunduki, anakunywa kahawa, anakula kipande cha keki ya lozi, anarudi kwake. Watu wakimwuliza mbona risasi zinamwishia haraka siku hizi, anawajibu kwamba anapiga makopo. Siri ya jicho la Annamengia hajaitoa hata kwa paka wake.

Kisha, mwezi wa sita, gazeti la mafundi likaleta picha za bunduki mpya. Annamengia aliitazama akiwa amesimama, halafu akaketi. Mpini wa kukokea, swichi ya usalama, kitufe cha kutolea kasha la risasi: kila kitu kiko pande zote mbili. Hata tundu la kutupia maganda ya risasi unaweza kulihamishia kushoto.

Bei yake ni faranga elfu nne na ushee, na karakana hii si ya kutupa pesa. Msimu wa uwindaji ndio unaowafikisha Krismasi. Baada ya hapo ni kunoa misumeno na viatu vya kutelezea barafuni. Pesa iliyokuwapo ilikuwa ya jiko jipya.

"Nilimwonyesha Risch ile picha," anasimulia. "Akavaa miwani, akaangalia muda mrefu. Akasema, 'Jiko linapika bado. Nunua jicho.'"

Mbele kulikuwa na kikwazo kingine. Mashindano ya kitaifa yana orodha ya bunduki zinazokubaliwa, na Bibi Harusi hayumo. Yalibaki mashindano ya kijiji chenyewe ya kufunga msimu, ambayo sheria zake hutungwa na wanachama. Wiki iliyopita walikaa kwenye chumba cha chama, chupa mezani, Lüzi akasimama na uso wa kazi.

"Kuna ombi," alisema. "Mashoto mmoja anataka kuleta mashine ya kahawa uwanjani."

"Afadhali mashine ya kahawa kuliko hilo gongo lako la bunduki la enzi ya bibi yangu," Seraina alimjibu.

"Gongo langu lina adabu, mkunga. Haya, wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda. Annamengia naye akanyoosha wake.

"Wewe shusha! Wa kushoto hauhesabiwi!"

Chumba kizima kikacheka, na ombi likapita bila mtu hata mmoja kupinga.

Hiyo ndiyo sababu asubuhi hii ya mashindano kijiko kimegonga mapema. Annamengia anaifunga bunduki kwenye begi lake, risasi anaziweka mbali kwenye mfuko mwingine, na kupanda kuelekea uwanjani. Hajaipeleka mbele ya watu bado. Akishindwa leo kulenga kwa jicho la kushoto, ameshajiambia, atatafuta mtu wa kununua vifaa vya karakana kabla theluji haijaanguka.

Uwanjani kunanuka mafuta ya bunduki na supu. Vituo vya kulalia vimepangwa safu moja. Cha kwanza, upande wa kushoto kabisa kando ya ukuta wa mbao, ni cha Lüzi. Hakuna karatasi inayosema hivyo, lakini tangu watoto wa leo hawajazaliwa hakuna mwingine aliyelala hapo. Annamengia anaelekea kituo cha nne, alikozoea.

"Unakwenda wapi?" Lüzi anamwita.

"Kituoni kwangu."

"Upige kwa kushoto, maganda ya moto yaruke kushoto, yatue kwenye shingo ya mwalimu mkuu? Njoo hapa. Ukuta hauna shingo."

Anageuka, anaona mkeka wa Lüzi umekwisha kunjwa na kuhamishiwa kituo cha pili. Kwenye cha kwanza pametandikwa mkeka safi.

"Mzee, hiki ni chako."

"Lala chini, mashoto. Supu inapoa."

Analala. Miguu inaelekea upande usioujua, mkono wa kulia unatafuta kazi, na jicho la kushoto, lililozoea kufumbwa miaka yote, linataka kujifumba tena. Analilazimisha liwe wazi. Mbali, mita mia tatu ng'ambo ya korongo, shabaha zimejipanga kama meno. Anashusha pumzi. Anafyatua.

Ganda linagonga ukuta. Anatazama skrini yake ndogo ya alama: hakuna kitu. Si kumi, si moja. Sifuri.

"Jamani!" Ni Lüzi, bado anafungua boksi lake la risasi. Anaitazama skrini ya kituo cha pili kwa macho yaliyomtoka. "Sijapiga hata moja, na mimi nina kumi! Katikati kabisa!"

Watu wanageuka. Kisha Seraina anaelewa, anapiga magoti chini kwa kicheko. Kwa kulala upande mpya Annamengia alikosea shabaha, akapiga ya jirani. Lakini ameipiga moyoni.

"Kwa sheria, hiyo ni sifuri kwako," Lüzi anamwambia, akijikaza asicheke. Kisha anainama karibu, sauti yake imeshuka. "Ila hilo jicho, Mengia, liambie nimelishukuru."

Annamengia anabaki ameegemeza shavu kwenye kitako cha bunduki. Anapangusa macho yote mawili, lenye doa na lisilo na doa. Risasi zilizobaki anazipiga kwenye shabaha yake mwenyewe, na karibu zote zinatua ndani ya duara jeusi la katikati.

Kikombe cha mwaka huu anakichukua mwalimu mkuu. Annamengia ameangukia katikati ya orodha, anakula supu ya shayiri ya Risch kama aliyeshinda. Ameagiza bunduki nyingine mbili kama hiyo, moja ya Seraina kibali kikitoka. Masika anataka kufungua jioni moja kwa wiki kwa mashoto wa bonde zima, wajifunze kwa bega lao wenyewe. Na zile bunduki za wawindaji zinazongoja karakanani atazipima mwenyewe.

"Zote?" anauliza Lüzi.

"Zote, mzee. Umenibeba vya kutosha."

"Vizuri. Vizuri sana." Lüzi anakoroga supu ambayo haihitaji kukorogwa. "Basi Jumamosi nitalala hadi jua litoke."

Annamengia anamtazama kwa jicho la kushoto, linaloona pua, kunyanzi na kila kitu. Anamsogezea mkate.

"Nani alikwambia kahawa ilikuwa malipo ya bunduki?" anasema. "Kikombe chako nitakiweka mezani. Ukisikia kijiko, usigonge dirisha, pitia mlangoni. Njoo tena Jumamosi, mzee. Njoo."